Somo la maada lianzie ghalani, si kwenye barafu

Barafu ikiyeyuka, hilo ni badiliko la kiumbo. Karatasi ikiungua, hilo ni badiliko la kikemia. Sidhani yupo mwanafunzi aliyepitia darasa la sayansi humu nchini ambaye hajaikariri sentensi hiyo au nyingine iliyo pacha wake. Huikariri, huiandika katika karatasi ya mtihani, hupata alama zake, kisha huiacha pale pale juu ya dawati.

Sina ugomvi na sentensi yenyewe, maana ni ya kweli. Ugomvi wangu ni na barafu. Mtoto wa Mutomo au Kyuso kule Kitui, au wa Kathonzweni na Kibwezi kule Makueni, aweza kumaliza mwaka mzima asiitie barafu machoni, ilhali hapitishi juma moja bila kushika mahindi, makaa, mchanga au tofali. Maada, yaani kila kitu chenye uzani na kinachochukua nafasi, imemzunguka kila upande na inabadilika mbele ya macho yake. Kwa nini basi somo likimbilie vitu vya mbali?

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala dogo la mbinu za kufundishia. Laiti lingekuwa dogo. Katika wilaya za Kitui na Makueni, kama zilivyoitwa kabla ya kuja kwa kaunti, tofauti baina ya badiliko la kiumbo na badiliko la kikemia iliwahi kuwa tofauti baina ya uhai na mauti.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2004, watu walianza kufikishwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na maini yaliyoharibika. Kufikia tarehe 20 Julai mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameorodheshwa, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Wengi mno walitoka Makueni na Kitui. Wengine walitoka wilaya za Machakos na Thika. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota kuvu na kuingiwa na sumu iitwayo aflatoksini.

Wala halikuwa jambo geni. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, sumu iyo hiyo ilikuwa imewaua wagonjwa 12 kati ya 20 waliolazwa hospitalini.

Juu ya misiba hiyo yamezungumzwa mengi kuhusu serikali, mvua na njaa, na yote yalistahili kuzungumzwa. Leo nataka tulizungumzie darasa.

Tuanze na maana. Badiliko la kiumbo ni lile ambalo kitu hubadilika sura, ukubwa, au hali yake ya kuwa kigumu, kioevu au gesi, lakini kikabaki kuwa kitu kile kile. Badiliko la kikemia ni lile ambalo kitu hukoma kuwa kile kilichokuwa, na badala yake kikazaliwa kitu kingine chenye sifa zake. Atomu, zile chembe ndogo zinazounda kila kitu, huachana na zile zilizoshikamana nazo na kuungana upya kwa mpangilio mwingine.

Mtazame mfyatuaji matofali akiwa kazini. Huukanda udongo kwa maji, huutia katika kalibu, kisha huanika matofali yake kivulini. Maji hutoka, na tofali likawa gumu. Mvua ikinyesha usiku huo, asubuhi atakuta tope. Udongo ulikuwa bado ni udongo. Ulichopoteza ni maji tu, na maji yaliporudi ukarudi ulivyokuwa. Hilo ni badiliko la kiumbo.

Tofali lilo hilo likiisha kupitishwa katika tanuri, mambo huwa mengine. Joto la nyuzi mia kadhaa huyafukuza hata maji yaliyofungamana na udongo katika muundo wake, na madini yaliyomo hujipanga upya. Sasa mvua na inyeshe masika mazima. Tofali litalowa, lakini halitarudi kuwa tope. Kitu kipya kimezaliwa.

Mfano huo mmoja unatosha kipindi kizima. Mwanafunzi akitia kipande cha tofali bichi katika ndoo moja ya maji, na kipande kilichochomwa katika ndoo nyingine, kabla ya kengele kulia atakuwa ameiona tofauti kwa macho yake. Hahitaji maabara wala umeme.

Lakini hapa pana mtego ambao walimu huutega bila kukusudia. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba badiliko la kiumbo ni la muda na hurejeshwa, na kwamba la kikemia ni la kudumu na halirejeshwi. Kanuni hiyo husaidia mwanzoni, ila ukiiegemea kwa uzito wote itakuangusha.

Fikiria mchanga wa mito ya msimu ya Ukambani, huo uliozua ugomvi mwingi hata Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Chembe zake nyingi ni madini yale yale yaliyokuwa ndani ya mwamba, yakavunjwavunjwa na jua, maji na karne. Nani awezaye kuurudisha mchanga uwe mwamba? Hakuna, na bado kuvunjika huko ni badiliko la kiumbo. Ndivyo yalivyo na mahindi yakisagwa: unga haurudi kuwa punje, lakini kila chembe ya unga huo ni mahindi.

Sasa geukia mawe ya chokaa yapatikanayo kusini mwa Kitui. Yakichomwa kwa moto mkali hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo hutiwa maji ikageuka tena, na ikipakwa ukutani huivuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani, pole pole, hadi ikarudi kuwa maada ile ile ya jiwe la awali. Hapo pana mabadiliko matatu ya kikemia, na mwisho wa safari kitu kimerejea kilikoanzia.

Kwa mintarafu hiyo, swali la kwanza lisiwe, "Je, chaweza kurudi?" Swali la kwanza liwe, "Je, bado ni kitu kile kile?" Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza swali hili hatabahatisha katika mtihani, na nyumbani atajua afanye nini na gunia la mahindi.

Basi tuyafuate mahindi hayo tangu shambani. Punje iliyokomaa bado ina maji ndani yake. Mkulima huianika, jua na upepo huyachukua maji, na punje hubaki kuwa mahindi. Kukausha ni badiliko la kiumbo. Wataalamu hushauri kwamba mahindi yawekwe ghalani yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yakifikia hapo huweza kukaa kwa salama.

Yakiwekwa yakingali na maji mengi, mlango wa badiliko jingine hufunguka. Punje ni mbegu, na mbegu ina uhai, hupumua. Hutumia oksijeni, huuchoma wanga wake taratibu, na kutoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Ndiyo maana ukitia mkono katikati ya gunia la mahindi mabichi utahisi vuguvugu. Vuguvugu hilo ni dalili ya badiliko la kikemia, kama zilivyo harufu mpya na rangi mpya.

Joto hilo na maji hayo huikaribisha kuvu. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huishi katika udongo wa mashamba yetu, na mbegu zake hupeperushwa hewani. Huweza kuyaingia mahindi hata yakiwa bado shambani, hasa yakiwa yamedhoofishwa na ukame au kutobolewa na wadudu. Ikipata joto na unyevu hustawi, huyala mahindi, na katika kula kwake huunda aflatoksini.

Hapa ndipo mwanafunzi wa kemia anapopaswa kusimama na kustaajabu. Wanga wa mahindi umeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Aflatoksini B1, iliyo kali kuliko jamaa zake zote, imeundwa pia kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni: atomu 17 za ya kwanza, 12 za ya pili na 6 za ya tatu katika kila molekuli. Elementi ni zizo hizo tatu. Kilichobadilika ni mpangilio wake, na kwa mpangilio huo chakula kimeingiwa na sumu.

Baada ya hapo, karibu kila jambo ambalo mtu wa kawaida hulifanya ili kuyaokoa mahindi yake ni badiliko la kiumbo tu. Huyaanika tena: maji hutoka, sumu haitoki. Huyapangusa na kuyapepeta: vumbi la kuvu huondoka, lakini iliyokwisha kupenya ndani ya punje hubaki. Huyasaga: rangi ya kuvu haionekani tena, na sumu imetapakaa katika unga wote. Huyachemsha saa nyingi pamoja na maharagwe: maji huchemka kwa nyuzi 100 au chini yake kidogo, ilhali molekuli ya aflatoksini hustahimili joto linalozidi nyuzi 200.

Wengine huona ni uchungu kuyatupa, wakayageuza kuwa pombe au wakawapa mifugo. Uchachu wa pombe hauiondoi sumu yote. Na ng'ombe aliyelishwa mahindi hayo, ini lake huigeuza sehemu ya sumu kuwa aina nyingine ya aflatoksini, nayo hutoka katika maziwa. Sumu iliyofukuzwa jikoni kwa mlango wa mbele hurudi kwa mlango wa nyuma, katika kikombe cha chai ya mtoto.

Katika mapishi ya Wakamba wenyewe kuna lililo afadhali. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi huondoa ganda na sehemu ya kiini, ambako sumu huwa nyingi, na vipimo vimeonyesha kwamba kiasi chake hupungua. Lakini mwanafunzi na atazame vyema: imepungua kwa kuwa sehemu ya punje imetupwa, wala haijageuzwa kuwa kitu kingine. Iliyobaki ndani ya punje ingali sumu, na iliyo katika makapi itamfikia kuku atakayelishwa.

Isitoshe, jicho si mizani ya kuaminika. Kiwango cha juu kilichokubaliwa nchini wakati wa msiba wa 2004 kilikuwa sehemu 20 za aflatoksini katika sehemu bilioni moja za mahindi, kiwango ambacho baadaye kilishushwa hadi 10. Katika gunia la kilo 90, sehemu hizo 20 ni miligramu 1.8 tu, kiasi kisichofunika ncha ya kijiko. Wachunguzi walipokusanya sampuli 350 za mahindi na unga katika masoko ya wilaya zilizoathirika, asilimia 55 zilizidi kiwango hicho, na asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000. Hayo yalikuwa mahindi yaliyokuwa yakiuzwa na kununuliwa sokoni.

Nitaulizwa: je, wale waliokufa walikufa kwa kutojua kemia? La hasha, na asiwepo wa kuwalaumu marehemu. Mwenye njaa hana miiko. Mkulima ambaye msimu mmoja umemwangusha na mwingine umempa debe chache huyavuna mahindi mapema kwa kuhofia wezi, akayalaza ndani ya nyumba penye joto na hewa haba, kwa sababu hicho ndicho chakula pekee alicho nacho. Kumwambia mtu huyo ayatupe bila kumpa mengine ni sawa na kumwambia afe kwa njaa badala ya kufa kwa sumu.

Hivyo wajibu wa serikali ya taifa na serikali za kaunti uko pale pale: mashine za kukaushia zilizo karibu na mkulima, vipimo vya unyevu na vya sumu katika kila soko, na chakula cha badala pale mahindi yanapopatikana kuwa na sumu. Ujuzi hauchukui nafasi ya hayo. Lakini hata hayo yakiletwa, yatatumiwa na watu, na mtu hutumia vyema kile anachokielewa.

Tazama jinsi hatua zote zinazofaa zilivyo na tabia moja: hulizuia badiliko la kikemia kabla halijatokea. Kukausha mapema juu ya turubai badala ya udongo mtupu huinyima kuvu maji. Mifuko isiyopitisha hewa huinyima oksijeni, maana punje na wadudu huimaliza ile iliyofungiwa ndani. Aflasafe, dawa ya kibiolojia ambayo kiwanda chake kimejengwa katika kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, huko Katumani, hunyunyizwa shambani kabla mahindi hayajachanua. Hutumia kuvu za jamaa ile ile zisizotoa sumu ili zichukue nafasi ya zile zenye kuitoa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo inayoahidi kuifuta sumu iliyokwisha kuzaliwa. Asiyeielewa sababu yake ataziona kuwa amri za maafisa wa kilimo; anayeielewa atazifuata hata afisa asipokuwapo.

Basi walimu wa Kitui na Makueni wafanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna lililo ghali.

La kwanza, mifano ya somo itoke mahali pale pale. Tofali bichi na la kuchoma. Mti uliopasuliwa kuni, ambao bado ni mti, na mti uliopikwa chini ya udongo kwa hewa haba ukawa makaa, ambayo si mti tena. Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti mwezi wa Januari 2018, watu wazima walibishana barabarani na mahakamani. Mwanafunzi aliyelielewa somo angeweza kuuliza swali lililo chini ya ubishi wote: kuni zilizogeuka makaa hazirudi kuwa mgunga, sasa ni nani anayepanda mwingine?

La pili, jaribio la chumvi lifanywe katika kila shule. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa muda, kisha uiache kwa robo saa. Chumvi ikinata katika kuta za chupa, mahindi yangali na unyevu unaozidi takriban asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isiponata, yaanikwe bado siku moja mbili, kwa kuwa lengo liko chini ya hapo. Chumvi kunyonya maji ni badiliko la kiumbo, nalo humtahadharisha mkulima juu ya badiliko la kikemia lililo njiani. Tahadhari moja kwa mwalimu: mahindi yenye kuvu yasifunguliwe darasani. Yaonyeshwe yakiwa ndani ya chupa iliyofungwa, kwani vumbi lake hudhuru.

La tatu ni lugha. Katika madarasa ya juu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Sisemi mwalimu auvunje utaratibu huo. Nasema kwamba ghala ni la mama na nyanya, na mazungumzo ya ghalani ni ya Kikamba na Kiswahili. Mwanafunzi asiyeweza kumweleza nyanya yake kwa nini kuchemsha hakutoshi, bado hajaelewa somo, hata akiwa na alama zote. Mwalimu na ampe kazi hiyo kama zoezi la nyumbani: aende akaeleze, arudi asimulie alivyoulizwa na alivyojibu. Kwa hakika maswali ya nyanya yatakuwa magumu kuliko ya mtihani.

Nao watungaji wa mitihani wasaidie. Swali linalomtaka mwanafunzi ataje mifano miwili ya kila aina ya badiliko hupima kumbukumbu. Swali linalompa gunia lililonyeshewa, likaanikwa upya, likasagwa na kupikwa, kisha likamwuliza ni katika hatua gani kitu kipya kilizaliwa na kwa nini hatua zilizofuata hazikukiondoa, hupima akili. Mtaala wa sasa unajinadi kuwa ni wa umilisi. Huo ndio umilisi wenyewe.

Ukambani huvuna mahindi ya mvua za vuli baada ya mwaka kuanza, na mara nyingine mvua isiyotarajiwa huyakuta yakiwa uani. Wakati huo shule huwa zimefunguliwa na madarasa yamejaa. Mwalimu asingoje mada ifikiwe katika ratiba ya muhula mwingine. Na aanze nayo wiki hiyo, kwa chupa, chumvi na mahindi ambayo wanafunzi wenyewe wameyaleta kutoka nyumbani, ili jibu lirudi nyumbani jioni iyo hiyo kabla gunia halijafungwa.